Bakuli la Mgonjwa

Mwanamume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mama yake akafunua sufuria. Nyangi aliijua sheria hiyo tangu alipokuwa binti kwao Busawe, akaikuta vilevile alipoolewa Nyambureti, na katika umri wake wote hakuwahi kumwona mtu akiivunja, awe mlevi au mwehu. Aliyekuja kuivunja alikuwa mwanawe wa kumzaa, Mwikwabe, mfanyabiashara wa Nkende mjini Tarime, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu na shati lililopigwa pasi.

Hakubisha hodi. Aliinamisha kichwa mlangoni, akayapita mafiga, akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili, akachungulia ndani kama askari anayetafuta gongo.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni mboga ya mgagani. Na huo ni ugali wa mtama na muhogo. Umekaa mjini kiasi gani hata ukasahau chakula kilichokukuza?"

"Ugali! Mama, wewe unataka kufa?"

Boke, mke mwenzake Nyangi, alikuwa ameketi pembeni akichambua dagaa. Aliuweka ungo chini. "Mwikwabe, baba," alisema kwa upole uliozidi kipimo, "ukimaliza sufuria, nguo zetu za ndani tumezianika nyuma ya nyumba. Nenda ukazikague nazo."

Siku nyingine Nyangi angecheka mpaka ajifute machozi. Siku hiyo alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, akashindwa hata kumwambia mwanawe atoke.

Wanawake hao wawili walikuwa wajane wa mume mmoja. Mume alipofariki, watu walingoja wagawane uadui. Wao wakagawana sahani. Tangu msiba ule walikula pamoja, leo kwa Nyangi, kesho kwa Boke, mikono miwili katika ugali mmoja. Na huko kwao kula pamoja si mazoea tu, ni ushahidi. Mtu anayekula peke yake huanza kuulizwa maswali. Ana ugonjwa gani? Anamficha nani chakula? Asipojibu vizuri, maswali hugeuka minong'ono, na minong'ono ya uchawi haina zahanati.

Katika sahani hiyohiyo ndimo Nyangi alimoanzia vita vyake na ugonjwa wa sukari. Mwaka uliopita, zahanati walipompima na kumkuta nao, walimpa vidonge na kumshauri abadili ulaji wake hatua kwa hatua, jambo moja likizoeleka ndipo aongeze lingine. Alianza na chai. Boke naye aliacha kutia sukari, kwa sababu, alisema, hakuwa na nguvu za kuchemsha birika mbili kwa ajili ya wajane wawili. Walikunja nyuso wiki nyingi. Chai ilipozoeleka, waliigeuza sahani: mboga ikaongezeka, ugali ukapungua, na unga mweupe wa mahindi yaliyokobolewa wakauachia wageni. Baadaye wakaacha kupanda bodaboda kwenda mnadani. Walikwenda kwa miguu, wakiwateta watu njia nzima, na Boke alishikilia kwamba umbea ni dawa ya tatu baada ya vidonge na mgagani.

Mwili wa Nyangi haukupungua kwa kishindo. Ulipungua kimyakimya, kama mtungi unaovuja ambao huoni tone lake, unaona tu siku moja kwamba kata inagonga chini. Kiu iliyokuwa ikimsumbua ilitulia. Mlima wa kisimani alianza kuupanda bila kusimama katikati. Zahanati walipompima tena walimwambia sukari inashuka, aendelee hivyo hivyo. Kwake hayo yalikuwa mambo makubwa.

Mwikwabe hakuyaona. Yeye alimwona mama mnene aliyeketi mbele ya sufuria ya ugali.

"Mama wa rafiki yangu amekatwa mguu," alisema, bado ameshika mfuniko mkononi. "Sukari. Wamekata hapa, juu ya goti. Nilikwenda kumtazama, mama. Shuka lilikuwa limelala bapa upande mmoja." Sauti ikampasuka. "Sitaki nije nikuone hivyo."

Akalia. Mwanamume yule, aliyesimama mbele ya kisu cha ngariba bila kupepesa jicho, na shangazi zake wakaimba mpaka sauti zikawakauka, alisimama jikoni kwa mama yake akalia kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi. Mama gani ataendelea kugomba mbele ya jambo hilo? Hasira ya Nyangi ilikaa chini, ingawa haikuondoka.

Ndipo Mwikwabe alipokwenda kwenye gari akaleta boksi. Ndani yake mlikuwa na makopo ya unga wa kijani na bakuli jipya la plastiki lenye mfuniko.

"Hii ni programu ya Bwana Olima, ana ofisi pale Nkende. Watu wanapiga dayati yake wanapungua mpaka majirani hawawatambui."

"Na majirani wasiponitambua nitafaidika nini?"

"Mama, nisikilize. Asubuhi, unga huu kwa maji ya uvuguvugu na ndimu. Mchana, kabichi ya kuchemsha bila chumvi. Jioni, unga tena. Hakuna ugali, hakuna maziwa, hakuna dagaa."

"Umewauliza zahanati?"

"Zahanati watakupa habari za mwaka ujao. Mimi nataka mwezi huu."

"Na vidonge vyangu?"

"Meza kama kawaida. Vikikutana na unga huu, sukari itakimbia yenyewe."

Alilibeba debe la unga wa mama yake kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye gari. Unga wa mtama ambao Nyangi aliulima, akaupura, akaupeleka mashineni kichwani! Kisha akamwacha mkewe aliyekuja naye, Felistas, asimamie programu. Felistas alikuwa binti wa Kijaluo kutoka upande wa Sirari, mpole, na Kiswahili kilikuwa daraja lao, kwa kuwa hakujua Kikurya wala Nyangi hakujua Kijaluo.

"Mama, aki unisamehe," alisema gari lilipoondoka. "Mimi nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Anayetuma hali kabichi."

Hivyo ndivyo bakuli lilivyoingia katika maisha ya Nyangi. Felistas alikuwa ameagizwa kwamba mtu mwingine asilitumie, na kwamba mgonjwa ale mbali na sahani ya watu wengine asije akashawishika. Kwa hiyo Nyangi alikula chumbani, peke yake, akikitazama kipande cha kabichi kilichoelea katika maji yake kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Kupitia ukuta alimsikia Boke akikohoa upande wa pili wa ua, akila peke yake naye.

Jirani yao Mokami alikuja kuomba moto akauliza, "Mama Mwikwabe yuko wapi?"

"Anakula," Felistas akajibu.

"Anakula wapi?"

"Ndani."

"Na nani?"

Felistas akaanza kufagia. Mokami akachukua kaa lake la moto akaenda zake, na Nyangi, akiwa chumbani na bakuli magotini, alizisikia nyayo zake zikienda haraka kuliko zilivyokuja. Wiki haikuisha kabla hajaambiwa yanayosemwa. Wengine walisema ana kifua kikuu. Wengine walisema tajiri wa Nkende amechoka kumlisha mama yake. Na wapo waliouliza, kwa sauti ya chini, kwa nini wajane wale walioshikana kama ulimi na meno hawagusi tena sahani moja.

"Nimerudia sukari kwenye chai," Boke alimwambia siku moja kisimani, kwa hasira, kana kwamba Nyangi ndiye aliyemlazimisha. "Usinitazame hivyo. Nilikuwa naiacha pamoja nawe. Peke yangu naiacha ili iweje?"

Nyangi aliushika mtungi wake, akashindwa kuuinua mara ya kwanza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini njaa yake yeye ilikuwa ya aina isiyo na methali: njaa ya mtu mwenye ghala lililojaa, ng'ombe wanaokamwa, na mwana anayempenda. Mwili ulikuwa ukiporomoka sasa. Gauni lilimning'inia, mashavu yaliingia ndani, na Mwikwabe alipopigiwa simu alifurahi kana kwamba ameuza duka zima la bidhaa.

"Umeona, mama? Umeona? Mwambie Felistas akupige picha anitumie, nimwonyeshe Bwana Olima!"

Nyangi alimrudishia Felistas simu. Alichokuwa nacho moyoni hakikufaa kusafiri kwa simu.

Kisha ikafika zamu ya shamba la Mokami. Wanawake wa upande ule walipaliliana kwa zamu, na asiyekwenda kwa mwenzake, lake humezwa na magugu. Nyangi alimeza vidonge vyake, akanywa unga wa kijani, akachukua jembe. Felistas alimfuata nyuma, akimsihi abaki.

Alipalilia mstari wa kwanza vizuri. Katikati ya mstari wa pili mikono ilianza kutetemeka. Jasho likamtoka, jasho la baridi, na jua lilikuwa bado halijapata ukali. Mahindi yakaanza kusogea. Alijaribu kumwita Boke. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Kilichofuata ni udongo shavuni, na sauti za watu zikimjia kutoka mbali sana, kama zinazotoka ng'ambo ya mto.

"Sukari imempanda!"

"Mmwagieni maji! Mpeni nafasi!"

"Boke, unachukua nini hapo? Boke!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mokami, kutoka pale ulipowekwa uji wa wapaliliaji na sukari yake. "Weka sukari chini! Mtu wa sukari unamlisha sukari? Unataka kumuua?"

Halafu kimya. Nyangi alikielewa kimya kile, hata akiwa amelala kifudifudi kati ya mahindi. Walikuwa wakimtazama mke mwenza. Walikuwa wakikumbuka kwamba wawili wale hawali tena pamoja. Nyangi akifa baada ya kunyweshwa kitu na mkono wa Boke, hapatakuwa na mtu wa kumtetea Boke Nyambureti nzima.

"Hajala," Felistas alipaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imejaa kilio. "Hajala chakula tangu nije hapa. Anameza vidonge kwa maji ya majani! Mimi ndiye ninayempa, mimi!"

"Mmesikia?" Sauti ya Boke ilipanda. "Nilikuwa naye zahanati. Walituambia sote wawili: akimeza vidonge bila kula, atatetemeka, atatoka jasho, hapo mpe kitu kitamu haraka. Mokami, niachie mkono. Akifa, nizikeni naye."

Uji mtamu uliingia mdomoni mwa Nyangi kidogo kidogo, ukapakwa kwenye fizi, ukapita. Ulikuwa na sukari nyingi kiasi cha kukera. Baada ya muda mahindi yakarudi mahali pake, na uso wa Boke ukatokea juu yake, umejaa vumbi na machozi.

"Mshenzi wewe," Boke alimwambia. "Ulitaka wanipige mawe."

Alipofikishwa zahanati kwa bodaboda, wauguzi walithibitisha kwamba sukari haikupanda, ilianguka. Wakamkemea, wakamkemea na Felistas, wakataka unga wa kijani utupwe, na wakamtazama miguu. Muuguzi alimwonyesha ufa kwenye kisigino na alama za ndala kati ya vidole. Akamwambia kuwa mguu wa mtu wa sukari huanza kuharibika kwa kidonda kidogo kama hicho kinachopuuzwa.

Kesho yake gari la Mwikwabe liliingia uani kwa kasi, kuku wakatawanyika. Mokami na wanawake wengine walikuwa wamekuja kutoa pole. Walikuwa wameketi na Nyangi kivulini mwa nyumba, na Boke alikuwa akimenya ndizi.

"Shikamoo mama. Shikamooni," alisema bila kupumua. "Mama, kusanya nguo zako, twende Nkende. Huku hakuna wa kukuangalia. Felistas, nilikwambia nini? Nilikwambia aende kulima?"

"Marahaba," Nyangi alisema. "Kaa chini."

"Mama, hatuna muda wa—"

"Nimesema kaa chini!"

Alikaa. Hakukuwa na kiti kilichobaki. Alikaa kwenye ukingo wa kinu, magoti yakimfika kifuani.

"Huyu uliyemkaripia ndiye aliyenusuru maisha yangu kwa kusema ukweli mbele za watu, akijitia aibu kwa kosa lako. Na mama yako mdogo hapa nusura aitwe muuaji. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Nkende ukingoja picha."

"Mama, nilikuwa naogopa."

"Uliogopa. Hofu ilikuwa yako, lakini tumbo uliloliadhibu ni langu. Uliingia jikoni kwangu ukafunua sufuria zangu. Ukachukua unga wangu. Ukanipa bakuli la mfungwa nile chumbani kama mwenye ukoma, mpaka watu wakaanza kunong'ona. Wapo hapa hapa, wasijifanye wanatazama kuku."

Mokami alikuwa kweli akitazama kuku. Alikohoa. "Kwa habari ya sufuria," alisema ili kujiokoa, "wazee wakisikia watataka mbuzi wa faini."

"Nitatoa," Mwikwabe akasema upesi. "Nitatoa hata wawili, mama."

"Mbuzi wa nini?" Nyangi aliinuka, na Boke akainuka naye kidogo, tayari kumshika. "Utachinja, wanaume watakunywa supu na kichuri, yale maji machungu ya utumbo, watajipangusa midomo, na kabla ya jua kuzama shauri litakuwa limekwisha. Mimi nitabaki na nini? Mifupa? Sitaki mbuzi. Nilikuwa napona, Mwikwabe! Nilikuwa napona polepole, kwa kula na mwenzangu, kwa kutembea na mwenzangu. Hukuuliza. Ulitaka nipone kama mtu anavyonunua kiberiti: toa hela, washa. Mwili huu ulijengwa kwa miaka, ulizaa watoto saba, nawe u mmoja wao, na yule Olima wako anadhani utajengwa upya kwa kopo!"

"Lakini bado ulikuwa mnene, mama."

Boke alitoa mguno. "Tumbo hilo unaloketi nalo juu ya kinu, baba, ulilipata kwa kabichi?"

Wanawake walicheka, wakashindwa kujizuia. Mwikwabe alivuta shati.

"Mimi siumwi, mama mdogo."

"Hata mimi nilikuwa siumwi," Nyangi alisema, "mpaka nilipopimwa."

Kicheko kikakatika. Mwikwabe alitazama chini, na kwa muda Nyangi alimwona kama alivyokuwa zamani, mvulana mkaidi aliyetaka mahindi yaive siku aliyoyapanda.

"Basi nifanye nini?" aliuliza, na safari hii aliuliza kweli. "Nimwone mama wa mwenzangu amelala bila mguu, kisha nirudi nikae kimya?"

"Kwanza unga wangu urudi. Pili, mimi siendi Nkende. Nikikaa kwako nitatembea kwenda wapi, kutoka kochi hadi runinga? Nitaishi hapa, nitakula sahani moja na Boke, na Boke ataacha tena sukari kwenye chai."

"Nitaacha," Boke alisema, "ingawa sikuulizwa."

"Tatu. Unaogopa mguu? Basi ushughulikie mguu, uache sufuria. Muuguzi amesema nisitembee tena kwa ndala. Niletee viatu vya kufunika vidole, vya ngozi laini, visivyobana. Jozi mbili, maana siwezi kutembea peke yangu."

Mwikwabe aliinuka. "Namba gani?"

"Mimi nijue namba? Pima."

Alitazama suruali yake, akatazama ua uliojaa mavi ya kuku. Kisha akavunja bua la mtama lililokuwa karibu na ghala, akapiga magoti mbele ya mama yake. Nyangi aliuweka mguu wake juu ya ardhi, mguu mpana uliopasuka kisigino, naye akalilaza bua pembeni yake, akalikata kwa ukucha. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, kiganja chake kikiwa juu ya vidole vya mama yake, vyote vitano, akivigusa kimoja kimoja. Nyangi aliuona utosi wake, akaona nywele zimeanza kupungua. Hakumpapasa. Hasira ilikuwa bado haijaisha, na hakuona sababu ya kujifanya imeisha.

"Njoo na kwangu," Boke aliita, akinyoosha mguu. "Na pima vizuri. Vikinibana nitakuja navyo Nkende nikakuvalishe kichwani."

Aliyaweka mabua mawili kwenye kiti cha gari ambacho mama yake angekalia. Felistas alikataa kwenda naye. Alisema zamu inayofuata ni ya shamba la mama, na mama haruhusiwi kulipalilia. Mwikwabe alifungua mdomo, akawatazama wanawake wote waliomtazama, akaufunga. Akawasha gari.

Nyangi alisogea hadi kwenye dirisha la gari. Mwikwabe alishusha kioo upesi, akitumaini baraka ya safari.

"Ukifika Nkende," Nyangi alimwambia, "usipite kwanza kwa Olima. Pita hospitali, ukapimwe."

Kisha akageuka. Jua lilikuwa limeshapita utosini, ndizi za Boke zilikuwa tayari zimemenywa, na vidonge vyake havikutakiwa kukutana na tumbo tupu tena.